Karatasi Iliyoanguka Jukwaani

Alipokufa mke wangu, gazeti la mji liliandika mistari sita, na mitatu kati yake ilikuwa uongo. Waliandika kwamba Kapitolina Yegorovna Bezrukova, mwimbaji wa opera wa zamani, aliacha jukwaa "kwa sababu za kiafya" na akachagua "kwa moyo mkunjufu" kufundisha vijana. Chini yake kulikuwa na jina la mkurugenzi wa jumba letu la opera, Vikenty Lvovich Strunin. Mimi shule niliiacha darasa la nane na kuandika si kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga mapazia. Lakini siku ugonjwa huo ulipoingia nilikuwepo, na aliyeufungulia mlango ni mimi, kwa mikono hii hii. Basi acha niandike mwenyewe, na mwenye kucheka mwandiko wangu acheke.

Kapa, maana ndivyo nilivyomwita, aliletwa mjini kwetu mwaka sabini na moja, ametoka kumaliza chuo cha muziki. Siku hizo hukuchagua kazi, ulipangiwa. Wenzake wenye wajomba walipangiwa Moscow. Yeye baba yake alikuwa fundi wa reli, akapangiwa Ural, mji wa viwanda, theluji inayogeuka nyeusi kabla haijafika chini. Mimi nilikuwa nimetoka jeshini mwaka mmoja tu, nimeajiriwa kwenye kamba.

Kwetu nyuma ya mapazia kuna sheria ambayo hakuna mkubwa aliyeiandika, ndiyo maana watu huifuata. Karatasi yako ya nota ikikuponyoka ikaanguka sakafuni, usiiokote. Kwanza unaikalia. Uwe umevaa gauni la malkia, uwe umebakiza dakika moja uingie, unakaa chini juu yake palepale ilipoangukia, ndipo unainuka nayo. Usipoikalia, onyesho litaanguka nawe kama ilivyoanguka karatasi. Nimeona watu wazima wenye medali wakikaa sakafuni kama watoto wa chekechea, na hakuna aliyewacheka.

Usiku wake wa kwanza, Kapa karatasi ikamtoka. Akakaa. Bahati mbaya mafundi rangi walikuwa wamepaka pale mahali muda si mrefu. Alipotaka kuinuka, gauni likakataa.

"Wewe wa kamba!" akaniita. "Unacheka nini?"

"Sicheki, dada. Nakohoa."

"Basi kohoa huku unaniokoa. Dakika nne naingia."

Nikachukua kisu cha kukwangulia gundi nikamkwangua kama sufuria iliyoungua. Alitoka, ila kiraka cha gauni ukubwa wa bakuli kilibaki sakafuni. Usiku ule aliimba saa mbili nzima bila kuwageuzia watu mgongo hata mara moja, na wenye kujua muziki wakasema, tazameni heshima aliyo nayo kwa watazamaji. Kesho yake akanifuata.

"Umenichania nguo. Utaishona."

"Sijui kushona."

"Utajifunza."

Majira ya kuchipua tukaoana.

Sauti yake ilikuwa ile ya katikati. Si ile ya juu inayowatoa watu machozi, wala si ile nzito ya chini kabisa. Kwenye opera mapenzi ni mali ya sauti za juu. Wenye sauti za katikati hupewa wachawi, mama wa kambo, yaya, mabibi vizee, na wavulana, mwanamke anavalishwa suruali. Miaka kumi na tano sikumwona mke wangu akifa kwa mapenzi, maana siku zote muuaji alikuwa yeye. Alitia sumu, alisaliti, alilaani watoto wa watu, halafu tunarudi nyumbani kwa tramu, ananiuliza kama nimekumbuka kununua kabichi. Lakini mchawi wake ulimwonea huruma. Watu walitoka wakisema habari za mchawi, na binti mfalme wamemsahau. Sauti ile ilikuwa na joto la jiko la matofali, unaliegemea mgongo bila kujua kwamba umeliegemea.

Sasa nafika penyewe.

Novemba ya mwaka themanini na sita, sikukuu ya mapinduzi. Mkubwa mmoja anakuja kutoka Moscow, jina lake sikumbuki, na nina hakika yeye la kwangu hakuwahi kulijua. Kapa alikuwa na mafua wiki nzima. Daktari wa koo wa jumba letu, Gleb Naumovich, alimchungulia kwa kioo chake akasema nyuzi za sauti zimevimba, mama huyu anyamaze. Hapo ndipo akaja Strunin. Wakati ule alikuwa kijana, naibu wa mkurugenzi, kazi yake kuangalia kama tunafikiri sawasawa. Akamwita daktari pembeni. Sikusikia walichosema, ila nilimwona daktari akienda na mdomo na kurudi bila mdomo.

Madaktari hawa wana dawa yao. Wanaivuta kwenye bomba refu lililopinda, mwimbaji anatoa ulimi nje, wanamdondoshea juu ya nyuzi za sauti. Uvimbe unanywea, maumivu yanalala, na kwa saa tatu sauti inang'aa kama sahani iliyooshwa. Ni sawa na kumchoma ganzi farasi aliyevunjika mguu ili akimbie. Anakimbia, tena vizuri. Mguu anaukuta baadaye.

Kapa akasimama katikati ya jukwaa, pazia limefungwa, mimi kwenye kamba hatua nane kutoka kwake. Akapeleka mkono kooni. Karatasi ikaanguka.

Akashika gauni akae. Lakini Strunin alikuwa karibu, akainama, akaiokota, akaipuliza vumbi, akampa.

"Mambo haya ya ushirikina, Komredi Bezrukova, tumewaachia bibi zetu."

Kapa akaitazama ile karatasi mkononi mwake kama mtu aliyepewa barua ya mtu mwingine. Halafu akageuka, akanitazama mimi. Akainua kiganja. Ngoja.

Nilikiona. Nitaulizwa mbele ya Mungu na nitajibu hivyo hivyo, nilikiona. Lakini taa ya kijani, ile ya kuamuru pazia, ikawaka, na Strunin akasema, "Rodion, fungua!" Nikafungua. Wanasema aliye juu mngoje chini. Mimi nimengoja miaka ishirini na mitatu, hajashuka, kapanda. Ila kamba siku ile hakuivuta yeye.

Aliimba. Sijawahi kusikia mtu akiimba kama alivyoimba usiku ule, na sitasikia tena. Kwenye wimbo wa mwisho sauti ikapasuka mahali pamoja, kidogo, kama kikombe kinavyolia ufa ukiingia. Watazamaji hawakujua. Akatoka jukwaani ameshika shingo, akaniambia, "Rodya, mdomoni nasikia ladha ya msumari." Ilikuwa damu. Uzi mmoja ulikuwa umevuja.

Dawa ya uzi uliovuja ni moja tu, kimya. Wiki sita bila neno, hata kunong'ona. Walimpa siku nne. Siku ya tano kulikuwa na onyesho la wafanyakazi wa kiwanda cha matrekta, na karatasi ya daktari ya kumpumzisha haikupatikana, maana daktari alikuwa "amesafiri." Kufika kiangazi sauti ya Kapa ilikuwa na shimo katikati. Juu ipo, chini ipo, katikati unaingia upepo. Mwaka thelathini na nane wa maisha yake. Hiyo ndiyo "sababu ya kiafya" ya gazeti.

Hakunilaumu. Mara moja tu, miaka mingi baadaye, tunamenya viazi jikoni, aliniuliza bila kuinua macho:

"Ulikiona kiganja changu?"

"Nilikiona."

"Aa. Nilidhani labda taa ilikupiga machoni." Akaendelea kumenya.

Akawa mwalimu wa sauti kwenye shule ya muziki, chumba kilichopakana na boila, piano yenye meno manne yaliyokufa. Walimpa wanafunzi waliokataliwa na walimu wengine. Na yeye aliwafundisha kama anayelipiza kisasi kwa mtu, ila kwa upole. Aliwasimamisha wasukume piano kwa kiuno huku wanaimba, wapate kujua nguvu inatoka wapi. Aliwaweka mkono tumboni. Miezi mitatu ya kwanza hakuwaruhusu kufungua mdomo, wanaguna tu midomo imefungwa, mmm, mmm, hata wakija nyumbani kwetu jioni, mpaka majirani wakauliza kama tunafuga ng'ombe. Alikuwa akiwaambia, "Imba kama unayepuliza chai ya moto. Hakuna nyumba inayoungua hapa." Na kila mmoja, kabla ya somo la kwanza, alimwapisha: uzi ukivimba, unanyamaza. Hata akikuomba nani.

Wa mwisho kumpenda kama mwanawe, maana sisi Mungu hakutupa, alikuwa Rufina. Mama yake mkata tiketi wa tramu, mtaa wa nyuma ya kiwanda. Alikuja ana miaka kumi na saba, anataka kuimba sauti ya juu kwa nguvu, shingo imemtoka mishipa.

"Nani kakwambia wewe ni sauti ya juu?" Kapa akamuuliza.

"Nataka kuwa yule anayependwa, mwalimu. Sitaki kuwa bibi kizee jukwaani."

"Bibi kizee utakuwa tu, mwanangu, hata nyumbani. Afadhali jukwaani, pale wanapiga makofi."

Ilimchukua miaka miwili kumshusha msichana yule kutoka kwenye mti aliopanda. Aliposhuka, nikasikia kutoka chumba cha pili pale nyumbani sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu themanini na sita. Niliacha msumeno wangu nikatoka nje kwenye baridi bila kofia. Kapa hakuniuliza nilikwenda wapi.

Rufina akaajiriwa jumba la opera, akapewa kitanda bweni la wasanii. Miaka mitatu akaimba vizuri. Jumba likafungwa kwa ukarabati, likakaa limefungwa miaka miwili, na likapangwa kufunguliwa mwisho wa Februari mwaka elfu mbili na tisa, gavana akiwepo. Strunin sasa ndiye mkurugenzi. Rufina ndiye mwimbaji mkuu wa usiku huo.

Siku mbili kabla, simu ikalia nyumbani. Ni Rufina. Kapa akasikiliza, akamkatiza.

"Sema a."

Akasikiliza.

"Tena. Shuka nayo." Akafumba macho. "Unakohoa tangu lini?... Wiki? Na hukuniambia? Kimya. Usijibu. Uzi wako mmoja umevimba, nausikia kutoka huku. Unaimba lini?"

Rufina alilia, nikasikia hata mimi niliyekuwa mlangoni. Strunin alikuwa amekwishapanga. Siku ya mazoezi ya mwisho, mbele ya watu wa gavana, daktari atakuja na bomba lake amdondoshee dawa. Kesho yake atamdondoshea tena kwa ajili ya gavana mwenyewe. Akikataa, kitanda cha bweni kina wenye kukingoja.

"Daktari gani?" Kapa akauliza.

Daktari ni Gleb Naumovich. Ana miaka themanini sasa, na bado wanaye.

Kapa akaweka simu chini, akatazama kiatu changu.

"Rodya, mazoezi ni saa ngapi?"

"Saa saba mchana. Kapa, kifua chako kibovu, nje digrii ishirini na tano chini ya sifuri."

"Nimekuuliza saa, sijakuuliza hali ya hewa."

Siku ya mazoezi alivaa viatu vyake vya maonyesho, vyeusi, vyembamba kama karatasi. Nikamwambia avae buti za sufu. Akaniuliza kama nimepata kumwona mtu akipanda jukwaani kwa buti za sufu. Koti aliliacha kwangu pembeni, maana kwetu hupandi jukwaani na nguo za mtaani. Wakubwa ndio wanaopanda nazo.

Mimi bado nilikuwa kazini, miaka sitini, nasubiri kustaafu. Sasa kamba ni chache, mambo mengi ni vitufe. Pazia la kitambaa, halafu mbele yake lile la chuma la kuzuia moto, tani saba, linashuka kwa winchi, na winchi ina ufunguo mmoja. Ukumbini walikuwa wameweka mafeni makubwa ya joto kwa ajili ya wageni. Jukwaani mabomba ya joto yalikuwa yamefungwa ukutani bila kuunganishwa na chochote, ila kwenye makaratasi ya wakubwa kazi ilikuwa imekamilika. Pazia likiwa wazi, joto la ukumbini lilitufikia kidogo. Tulishukuru.

Okestra imekaa. Watu wa gavana safu ya tano na makoti yao. Rufina katikati ya jukwaa, mweupe kama chaki, karatasi mkononi. Strunin kando yake anamnong'oneza kwamba daktari yuko tayari chumba cha pili, ni jambo la dakika mbili. Hapo Kapa akatokea upande wangu, akapita mbele yangu, akaingia kwenye mwanga. Rufina akamwona.

Karatasi ikaanguka.

Strunin akainama. Mtu hajifunzi.

"Vikenty, acha!" Sauti ile, pamoja na shimo lake, ilifika safu ya mwisho. Mkono wa Strunin ukasimama hewani. Na Kapa wangu, miaka sitini na mmoja, magoti mabovu, akashika sketi, akashuka polepole, akaikalia.

"Kapitolina Yegorovna," Strunin akasema kwa tabasamu la wageni, "hiyo si karatasi yako. Inuka, tafadhali, mama. Watu wanangoja."

"Ni yangu. Ilianguka mwaka themanini na sita. Ndiyo kwanza naikalia."

"Wimbo anaujua kwa kichwa! Karatasi haihitaji!"

"Basi aimbe. Rufina, mwalimu wako yuko miguuni pako. Imba."

Rufina hakuimba. Kiongozi wa okestra akalaza kijiti chake juu ya kitabu, akakunja mikono. Mpiga tarumbeta mmoja wa zamani akaanza kumimina mate ya tarumbeta taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. Hakuna hata mmoja pale ambaye angepiga nota moja wakati mwimbaji amekalia karatasi. Watu wa gavana walitazamana. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

"Unataka nini?" Strunin akauliza, tabasamu limekwisha.

"Gleb aje na muhuri. Amwangalie mtoto huyu na aandike anachokiona. Si ulichokiona wewe. Akishaandika nitainuka."

Strunin akanigeukia, akaniita kwa jina la baba yangu. "Savelyich! Mtoe mkeo!"

Nikamtazama mke wangu. Naye akanitazama, pale sakafuni, na akainua kiganja. Vilevile. Ngoja.

Nikageuza ufunguo. Kengele ikalia, pazia la chuma likaanza kushuka. Strunin akarukia upande wa ukumbini, maana tani saba hazimjui mkurugenzi. Likakaa chini kwa mshindo. Nikauchomoa ufunguo nikautia kwenye buti.

"Mwendawazimu," Kapa akasema. "Umefanya nini?"

"Mara hii nimekiona."

Akacheka. Nakumbuka pumzi yake ilivyotoka nyeupe. Sikufikiri. Yaani huo ndio ukweli, sikufikiri. Joto lote tulikuwa tumeliacha upande wa pili.

Walikuja kupitia mlango wa pembeni, mmoja baada ya mwingine. Kwanza karani, halafu msaidizi, halafu Strunin mwenyewe akitishia polisi. Kapa aliwajibu kila mmoja neno moja, muhuri. Kumbeba hakuna aliyethubutu. Wafanyakazi wa jukwaa wakasema migongo inauma, wote, siku moja. Daktari alikuwa kafungiwa ofisini kwa mkurugenzi ili afikiri vizuri. Fundi wa winchi akaitwa kutoka ng'ambo ya mji, na barabara ina barafu.

Rufina alitaka kukaa naye sakafuni. Kapa akamkataza, akamkalisha kwenye kiti cha enzi cha mbao, akaniambia nimfunike na kitambaa kilichochorwa msitu. Rufina akafungua mdomo.

"Mwalimu, inato..."

"Kimya! Andika."

Nikamletea Kapa koti.

"Koti la mtaani jukwaani? Umezeeka ukawa mpumbavu?"

"Kapa, midomo imekuwa ya bluu."

"Nitapaka rangi."

Ningeliinua lile pazia, joto lingeingia, na wao wangeingia nalo. Ufunguo ulikuwa unanichoma kwenye kifundo. Saa nzima. Saa ya pili. Nilimuuliza mara tatu niinue, mara tatu akatikisa kichwa. Ya nne sikuuliza. Waliolipwa kutia joto mabomba yale walikuwa majumbani kwao wakinywa chai, nami hilo sitalisamehe, lakini aliyeteremsha chuma kati yake na joto ni mimi, na hilo pia liandikwe.

Saa kumi mlango wa pembeni ukafunguka, akaingia Gleb Naumovich, mdogo, koti limemzidi, kioo kwenye paji la uso. Nani alimfungulia sijui. Hakutusalimia. Akaenda moja kwa moja kwa Rufina, akamshika ulimi kwa kitambaa, akachungulia.

"Umevimba, na kuna mshipa umetuna," akasema. "Nikimdondoshea aimbe leo, kesho utavuja."

"Najua. Andika."

Akaandika, karatasi juu ya goti. Wiki sita, kimya kamili, hata kunong'ona marufuku. Akapuliza muhuri, akagonga. Halafu akachuchumaa mbele ya mke wangu.

"Kapa, ule mwaka mimi..."

"Ule mwaka ulisafiri, Gleb. Leo umerudi. Nisaidieni niinuke."

Hakuweza. Miguu ilikuwa imekufa. Nilimwinua mikononi, mwepesi, na karatasi ya nota ikainuka naye, imegandia sketi kama kile kiraka cha zamani.

Kufungua walifungua. Mwimbaji mwingine aliletwa kwa ndege, na gavana, nasikia, alisinzia. Mimi nilifukuzwa kwa kuhatarisha usalama wa moto. Rufina alitolewa bweni, akaja na sanduku lake na kidaftari kidogo chenye penseli, tukamtandikia jikoni. Siku ya tatu Kapa akaanza kukohoa. Hospitali wakamweka kwenye ujia kwa kuwa wodi inakarabatiwa. Kila kitu kinakarabatiwa katika nchi hii mpaka mtu afe. Tarehe kumi na mbili Machi akafa, homa ya mapafu. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa la kawaida tu, nimwangalie mtoto asiongee.

Tulimzika tarehe kumi na nne, ardhi ngumu, wachimbaji wakaipasha moto kwanza. Makaburini Rufina alisimama na maua manne, midomo imefungwa. Nikasikia wanawake wa kwaya nyuma yangu.

"Hata wimbo wa kumuaga mwalimu wake hana?"

"Wa siku hizi hawa. Wakishapata, basi."

Kwenye chakula cha msiba, ukumbi wa shule ya muziki, wali na zabibu kavu, chapati za maji, vodka bila kugonganisha glasi kama ilivyo desturi msibani, Strunin alikuja na shada kubwa kuliko jeneza. Akasimama. Alisema maneno mazuri, sikatai, anajua. Alisema kuhusu familia moja kubwa ya opera. Halafu akamgeukia Rufina.

"Na sasa mwanafunzi wake mpendwa atamwimbia. Mstari mmoja tu, binti yangu. Nafasi yako kwetu ipo, nadhani unalijua hilo. Huwezi kumnyima mwalimu wako mstari mmoja."

Rufina akaandika kwenye kidaftari, akanipa nisome. Nikasoma kwa sauti: "Mwalimu alisema wiki sita. Zimebaki wiki tatu na siku tano."

"Hata leo?" Strunin akasema polepole. "Hata kwa ajili yake?"

Ukumbi mzima ukamtazama msichana yule. Machozi yakaanza kumtoka. Akasimama. Nikaona mkono wake unakwenda tumboni, nikaona mbavu zinafunguka, pumzi ile ya chini, ya mke wangu, niliyoitazama kutoka hatua nane kwa miaka kumi na tano. Alikuwa anaingia. Nusu ya sekunde na angeimba, na angeimba vizuri, kama yule wa themanini na sita.

Nikainua kiganja.

Alinitazama. Pumzi ikasimama. Kisha ikatoka taratibu, bila sauti, kama anayepuliza chai, na akakaa. Strunin akatafuta pa kuweka glasi yake. Chapati zilipoa mezani, tukazila zimepoa.

Leo ninapoandika zimebaki siku kumi na moja. Kama sauti itarudi nzima au itarudi na shimo, hata Gleb hajui, nami nimeacha kumuuliza. Rufina yuko jikoni, anamenya viazi. Simsikii, na ndivyo inavyotakiwa.